Kupima Damu na Amana ya Mtoaji

Damu ya msaada hupita maabara kabla ya kumfikia mgonjwa. Mkazi wa Junda, wadi mojawapo ya Kisauni upande wa bara wa kaskazini mwa Mombasa, akitoa damu kwenye uwanja wa shule au katika ukumbi wa nyumba ya ibada, mfuko wake wa mililita 450 huvushwa Daraja la Nyali na kupelekwa kisiwani, kwenye kituo cha damu cha kanda kilicho jirani na Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo watu wengi wa mji bado huiita Makadara. Pamoja na mfuko huenda mirija midogo ya damu ileile. Mfuko hutengwa kwenye friji, mirija hupimwa, na mpaka majibu yatoke damu hiyo haiguswi. Hutafutwa maradhi manne: virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B, homa ya ini aina ya C, na kaswende. Matatu ya kwanza huletwa na virusi, la nne na bakteria. Mfuko ukionekana na hata moja kati ya hayo, huteketezwa.

Utaratibu huu hutazamwa kama kazi ya mafundi wa maabara tu, lakini umebeba swali la zamani la dini na falsafa: mtu ana wajibu gani kwa mtu asiyemjua na ambaye hatamwona maishani? Anayetiwa damu hana uwezo wa kuikagua. Mnunuzi wa samaki hufunua matamvua kabla ya kutoa pesa. Mgonjwa aliyelazwa, pengine hana hata fahamu, hana cha kufunua. Hajui damu imetoka kwa nani, hawezi kuuliza, na mara nyingi hana nafasi ya kukataa. Hawa ni mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mgonjwa wa selimundu, maradhi yaliyoenea sana Pwani, na kijana wa bodaboda aliyegongwa barabarani. Wote huuweka uhai wao mikononi mwa wengine bila sharti. Katika maadili ya Pwani jambo la namna hiyo lina hukumu inayojulikana: ni amana, na aliyeipokea ataulizwa.

Kila kipimo kinachotumika leo kilikuja baada ya watu kudhurika. Baruch Blumberg aligundua alama ya homa ya ini aina ya B katika damu miaka ya 1960, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Kipimo cha kwanza cha virusi vya Ukimwi kiliidhinishwa Marekani Machi 1985, wakati maelfu ya wagonjwa walikuwa wamekwisha kuambukizwa kwa kutiwa damu au dawa zilizotengenezwa kutokana na damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya C hakikutambuliwa hadi mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari walijua tu kuwa iko homa ya ini inayosafiri na damu, ambayo si A wala si B.

Kenya ilikuwa na vipimo kabla ya kuwa na mpango imara wa kuvitumia. Utafiti uliofanywa mwaka 1994 katika hospitali sita za serikali, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001, ulikadiria kwamba takriban asilimia 2 ya damu iliyotiwa wagonjwa huenda ilibeba virusi vya Ukimwi, ingawa upimaji ulikuwapo. Asilimia 2 huonekana ndogo ikisomwa juu ya karatasi. Kwa wagonjwa 100 waliofika hospitali kuokolewa ni watu wawili walioondoka na ugonjwa usiokuwa wao, tena katika miaka ambayo dawa za kufubaza virusi hazikuwafikia watu wa kawaida. Kisha, tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu zaidi ya 200 na kujeruhi maelfu. Wananchi walijitokeza kwa wingi kutoa damu, na nchi ikatambua kwamba haikuwa na huduma ya taifa ya kuikusanya, kuipima na kuihifadhi. Huduma hiyo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada mkubwa wa Marekani, Mombasa ikiwa miongoni mwa vituo vyake vya kanda. Sheria ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi nayo iliweka wajibu wa kupima damu iliyotolewa na kuiharibu iliyopatikana na virusi.

Kipimo, hata kikiwa kizuri na kikifanywa na fundi mwaminifu, kina mwisho wa uwezo wake. Vipimo vingi havikitafuti kirusi chenyewe. Hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza kupambana nacho, na mwili huchukua muda kuzitengeneza. Kwa virusi vya Ukimwi muda huo ni kama wiki tatu. Vipimo vinavyotafuta vinasaba vya kirusi huufupisha hadi kama siku 11, lakini ni ghali na havikiondoi kipindi hicho kabisa. Kwa hiyo mtu aliyeambukizwa wiki iliyopita anaweza kutoa damu leo, maabara ikasema ni safi, na mgonjwa akaambukizwa. Mfuko wenye virusi vya Ukimwi humwambukiza anayetiwa zaidi ya mara 9 kati ya 10. Hakuna njia nyingine ya maambukizi iliyo na uhakika mkubwa kiasi hicho.

Katika siku hizo ambazo maabara haioni, ajuaye ni mtoaji peke yake, na hata yeye hajui kwa yakini. Anajua tu alichokifanya. Ndiyo maana kabla ya sindano mtoaji hupewa dodoso na kuhojiwa faraghani: kuhusu ugonjwa wa karibuni, dawa anazotumia, wapenzi wake, sindano, chanjo, safari. Watu wengi huyaona maswali haya kuwa ni urasimu, au uchunguzi wa mambo ya ndani yasiyomhusu muuguzi. Kumbe hapo ndipo ulipo uzito wa jambo lote. Maabara hupima kilichokwisha kuonekana, na kisichoonekana bado kimeachiwa ukweli wa mtu mmoja. Usalama wa mgonjwa una nguzo mbili, mashine na neno la mtoaji, na hakuna inayoweza kusimama mahali pa mwenzake.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kudhani kwamba inaweza. Mtu huwa na shaka juu ya nafsi yake, kisha hujiambia: nitoe tu, wao watapima. Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini kwa hakika ni kumtupia fundi wa maabara dhamana ambayo fundi hana njia ya kuibeba. Iko pia namna yake ya upole zaidi, ya mtu anayetoa damu ili apate kujua hali yake bila kuonekana akiingia chumba cha ushauri nasaha. Nia yake si mbaya, na aibu anayoikimbia ni ya kweli. Hata hivyo anaijua hatari anayoiogopa, na ameamua kuipeleka kwenye mfuko wa mtu mwingine. Kipimo cha hali ya mtu hufanywa bure katika vituo vya afya vya umma. Hakuna haja ya kukifanya kupitia mshipa wa mgonjwa.

Shinikizo la jamaa huzidisha ugumu. Damu ikipungua, hospitali huwaomba watu wa mgonjwa walete watoaji wa kufidia. Wanakuja mjomba, shemeji, majirani na wenzake wa stendi, kwa sababu akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mmoja wao anajua jambo lake ambalo hajamwambia mtu. Kusema "mimi siwezi" mbele ya wote ni kujifungulia mlango wa maswali. Kunyamaza na kunyoosha mkono ni rahisi zaidi. Hapo zawadi huwa imekwisha kuwa deni, na deni halimwachi mtu huru kusema kweli. Wataalamu wa damu duniani wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba watoaji salama zaidi ni wanaojitolea bila malipo, mara kwa mara, kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Sababu mojawapo ni hii: asiyesukumwa na mtu anaweza kurudi nyumbani bila kueleza kwa nini.

Wapo wanaoamini kwamba damu ya ndugu ni salama kuliko ya mgeni, na kwamba kuipima damu ya ndugu ni kumshuku. Imani hiyo inaeleweka, maana imejengwa juu ya upendo. Lakini inachanganya mambo mawili. Undugu hueleza mtu anakupenda kiasi gani. Hauelezi kilichomo katika damu yake, ambacho mara nyingi mwenyewe hakijui. Homa ya ini aina ya B hukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na wengi waliipata utotoni bila kosa lolote la kwao. Kipimo hakitoi hukumu juu ya tabia ya mtu. Damu ya imamu hupimwa, ya padri hupimwa, ya daktari mwenyewe hupimwa, kwa kitendanishi kilekile. Heshima imo katika usawa huo. Kama wangepimwa wanaoshukiwa tu, kupimwa kungekuwa tuhuma.

Dunia imewahi kujaribu njia ile nyingine, ya kushuku kundi la watu mahali pa kupima damu ya kila mmoja. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya Marekani ilielekeza kwamba watu waliotoka Haiti na Afrika kusini mwa Sahara wasipokewe kutoa damu. Kwa agizo hilo Mkenya, Mtanzania au Mganda aliyeishi Marekani alikataliwa kwa asili yake, hata kama hakuwa na hatari yoyote. Maelfu ya Wahaiti waliandamana jijini New York mwezi Aprili mwaka huo, na kabla ya mwaka kwisha agizo liliondolewa. Kumwuliza mtu alichofanya na kumkataa kwa alikotoka ni mambo mawili yaliyo mbali kimaadili. La kwanza ni tahadhari, la pili ni dhuluma iliyovishwa kanzu ya tahadhari.

Kwa Waislamu, ambao ni sehemu kubwa ya wakazi wa Kisauni, suala linaanzia mbali zaidi. Sura ya al-Baqara, aya ya 173, inataja damu miongoni mwa vilivyoharamishwa, kisha inamwondolea dhambi aliyelazimika bila kuasi wala kuvuka mpaka. Katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi Pwani, damu iliyotoka mwilini ni najisi. Wanavyuoni wa zama hizi wamejenga ruhusa ya kutia damu juu ya mlango wa dharura, pamoja na aya ya 32 ya al-Maida inayoweka kuokoa nafsi moja katika daraja ya kuokoa watu wote. Baraza la Fiqhi la Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, mjini Makka, katika kikao chake cha 11 mwaka 1989, liliamua pia kwamba mtoto mchanga aliyetiwa damu ya mwanamke hawi mwanawe kwa hukumu ya kunyonya. Damu haileti uharamu wa ndoa kama maziwa yanavyofanya.

Ni nadra kutajwa kwamba ruhusa hiyo ina masharti ndani yake, na kupima ni mojawapo. Kanuni ya fiqhi husema dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Kilichoruhusiwa ni damu ya kuokoa, na damu ya kudhuru haimo katika ruhusa. Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah na Malik inakataza mtu kumdhuru mwenzake, iwe kwa kuanza au kwa kulipiza. Kwa mujibu wa misingi hiyo miwili, kumtia mgonjwa damu isiyopimwa ilhali kipimo kipo ni kuvuka mpaka uleule uliotajwa katika aya ya ruhusa. Upimaji, basi, umo ndani ya fatwa yenyewe. Mtu hawezi kuikubali fatwa na kuuacha.

Hali ngumu ni ile ambayo kipimo hakipo. Mama anavuja damu usiku, friji haina kundi lake, shemeji amesimama mlangoni na damu yake inaafiki. Kipimo cha haraka huchukua kama dakika 20, na dakika hizo zinaweza kuwa zote alizobakiwa nazo. Fiqhi ina jibu, nalo ni kuchukua dhara jepesi ili kuepuka lililo zito: kifo kilicho karibu kwa yakini huzidi ugonjwa unaoweza kuwapo au usiwepo. Madaktari wengi wasio Waislamu wangefikia uamuzi uleule kwa njia ya akili. Daktari aliye kitandani kwa mgonjwa saa hiyo hana lawama. Lakini dharura iliyotengenezwa kwa uzembe hairuhusu uzembe. Kama vitendanishi havikununuliwa kwa miezi, na kama kituo kilikaa bila mifuko kwa sababu bajeti ilipelekwa kwingine, dhambi haifutiki. Inahama kutoka chumba cha kujifungulia hadi ofisi ilikosainiwa bajeti. Misaada ya Marekani kwa huduma ya damu ilipokatika mwaka 2019, Kenya ilikumbwa na uhaba mkubwa, na familia zikawa zinatafuta watoaji kwenye mitandao ya kijamii. Nchi iliyojua kwa karibu miaka 20 kwamba fedha hizo si zake ilikuwa na muda wa kujiandaa.

Wakristo wa Kisauni husoma jambo hilohilo katika mfano wa Msamaria katika Injili ya Luka. Wahubiri husimama zaidi kwenye kusimama kwake njiani na kufunga majeraha. Mfano hauishii hapo: Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha za matunzo na kuahidi kulipa zitakazozidi. Huruma yake ilikuwa na gharama iliyoendelea baada ya yeye kuondoka. Kutoa damu ni kusimama njiani. Kulipia maabara ni zile fedha zilizoachwa, na zisipolipwa majeruhi hakuokolewa.

Mashahidi wa Yehova wana msimamo mwingine. Tangu mwaka 1945 wamefundisha kwamba amri ya kujiepusha na damu katika Matendo ya Mitume inahusu pia kutiwa damu, na damu iliyopimwa mara mia haibadilishi hukumu hiyo kwao. Msimamo wao unastahili kutajwa kwa sababu unatenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: usafi wa kidini na usalama wa kitabibu. Damu inaweza kuwa salama na bado ikawa haramu kwa anayeamini hivyo; inaweza kuwa halali kwa dharura na bado ikawa na sumu ndani. Maabara ina mamlaka juu ya swali moja tu kati ya hayo mawili.

Kuhusu kuuza damu, dini na falsafa zimekutana bila kupanga. Mwaka 1970 mwanazuoni wa Uingereza Richard Titmuss alichapisha kitabu akilinganisha nchi yake, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako nyingi ilinunuliwa. Alionyesha kwamba damu ya kununuliwa ilibeba homa ya ini zaidi, kwa kuwa mwenye shida ya pesa ana sababu ya kuficha ugonjwa wake. Baraza la Fiqhi, katika kikao kilekile cha 1989, lilikataza kuuza damu kwa kutegemea hadithi inayokataza thamani ya damu, likaruhusu mgonjwa kulipa pale tu asipopatikana wa kumpa bure, na dhambi ikabaki kwa mpokeaji wa pesa. Zawadi ya kumtia moyo mtoaji halikuikataza. Soda na biskuti anazopewa mtoaji wa Junda baada ya kutoa damu ziko upande wa zawadi.

Amana ina upande wa pili: taasisi nayo inamdai mtoaji ukweli na inadaiwa nao. Pwani ya Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya uvumi wa mumiani, wa watu wanaodaiwa kunyonya damu ya wengine ili kutengeneza dawa. Mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kilichotoka mwaka 2000. Uvumi huo haukuwa kweli, lakini ulionyesha jambo la kweli, kwamba watu waliotawaliwa hawakuwa na sababu ya kuamini mkono unaochukua damu yao. Wala tuhuma dhidi ya taasisi si za Afrika peke yake. Nchini Ufaransa mwaka 1985 wagonjwa wa hemofilia waliendelea kupewa dawa zilizojulikana kuwa na hatari. Nchini Uingereza tume iliyoongozwa na Brian Langstaff iliripoti Mei 2024 kwamba zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa kwa damu na dawa zake, na kwamba ukweli ulifichwa kwa miongo. Kilichowaumiza waathirika baada ya ugonjwa ni kudanganywa.

Kwa hiyo majibu ya maabara hayapaswi kuishia kwenye jalada. Mtoaji ambaye damu yake imekutwa na maradhi ana haki ya kuitwa, kuketishwa peke yake, kuelezwa na kupelekwa kwenye matibabu, bila mtu wa tatu kujua. Dini ya Pwani ina neno lake kwa hilo: sitara. Aliyeficha aibu ya mwenzake, asiitangaze, amefanya ibada. Muuguzi anayepiga simu na kutaja ugonjwa kwa aliyepokea, au anayemwita mtu kwa sauti mbele ya foleni, ameharibu zaidi ya siri ya mtu mmoja. Habari ikifika mtaani, wenzake hawatasema kweli kwenye dodoso tena, na damu ya mwaka ujao itakuwa hatari zaidi kuliko ya mwaka huu. Usiri ni sehemu ya upimaji kama kilivyo kitendanishi.

Mwenye shaka juu ya nafsi yake asitoe damu siku hiyo. Apime kwanza kituo cha afya, asubiri, kisha arudi. Asiye na shaka, mwenye umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, anaweza kutoa bila kungoja jamaa alazwe: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Chembe nyekundu alizotoa hukaa kwenye friji siku 35, kisha hazifai tena.